Dhoruba ya Usiku Huanzia Nchi Kavu

Mkulima wa Nyatike, kaunti ya Migori, anaweza kuamka asubuhi akakuta mto Kuja umeingia shambani, ilhali kwake usiku kucha halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha jana jioni kwenye milima ya Kisii na Nyamira, na sehemu ya maji yake ilikuwa imepanda kama mvuke kutoka Ziwa Victoria, ziwa lile lile ambamo Kuja unamwaga maji yake. Kilichoyabeba maji hayo hadi milimani ni hewa.

Hewa tunayoiona kama utupu ina vitu ndani yake, na ina uzito. Asilimia 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, karibu 1 ni agoni. Hewa ukaa na gesi nyinginezo hugawana kilichobaki kidogo sana, mbali na mvuke wa maji ambao huongezeka na kupungua kila siku. Kwenye usawa wa bahari, kila mita moja ya mraba imebebeshwa takriban tani 10 za hewa. Homa Bay iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo mgandamizo wake ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa asilimia 12 hivi. Tabaka la chini la angahewa, linalotengeneza mawingu na mvua, hufika kilomita 16 au zaidi huku kwetu kwenye ikweta. Juu yake ndipo ilipo ozoni, inayotukinga na miale mikali ya jua. Na kama pasingekuwa na mvuke na hewa ukaa za kuzuia joto lisitoroke, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15. Hayo ni ya dunia nzima. Kwenye ufuo wa ziwa hili, kuielewa hewa ni suala la kufa na kupona.

Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupaa, na ile ya ziwani, iliyo baridi zaidi, huja kuchukua nafasi yake. Ndio upepo wa alasiri unaowavumia watu wa Mbita, Sori na Muhuru Bay. Hausimami ufuoni. Huendelea kuupanda ukingo wa milima ya Kisii ukiwa na mvuke wake, hupoa kadiri unavyopanda, na jioni Kisii hupigwa na radi na mvua ya mawe. Ndiyo sababu Rusinga, kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote, hulia ukame huku milima iliyo mbali na ziwa ikiwa kijani kibichi.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake. Sasa hewa baridi huteremka kutoka milimani na kwenye fuo za pande zote, hukutana katikati ya ziwa, hukosa pa kwenda isipokuwa juu, na hupanda pamoja na mvuke mwingi wa maji yenye joto. Kuanzia saa sita au saa nane za usiku hadi alfajiri, radi hupiga juu ya maji. Mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi, na ndiyo maana Bukoba, kwenye ufuo wa magharibi, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Wakati huo huo mvuvi wa omena, yaani dagaa, yuko kazini. Omena hufuata mwanga, kwa hiyo boti hutoka jua linapotua, kwenye usiku usio na mbalamwezi, na taa huwashwa na kuachwa zielee juu ya maji hadi samaki wakusanyike. Kazi yenyewe inamtaka awe mbali na ufuo saa zile zile ambazo dhoruba inaumbika. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba ziwa hili huua watu kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka.

Mwaka 2016 mwanasayansi Wim Thiery na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti uliotumia picha za setilaiti. Waligundua kwamba dhoruba kali za usiku ziwani zina uhusiano na radi zilizopiga nchi kavu mchana uliotangulia. Waliona pia kwamba dunia inavyozidi kupata joto, mvua kali zitaongezeka nguvu zaidi juu ya ziwa kuliko kwenye nchi kavu inayolizunguka. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa ukaa, iliyopimwa kama sehemu 315 katika kila milioni mwaka 1958, sasa imepita 420, na mvuvi wa Muhuru Bay hakuchangia karibu chochote katika ongezeko hilo.

Kwa kuwa radi za mchana hutangulia dhoruba za usiku, onyo linaweza kupatikana kabla boti hazijatoka. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya unapaswa kufika kila ufuo wa Migori na Homa Bay kabla ya saa kumi jioni, kwa Kiluo na kwa Kiswahili, na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, wausome kwa sauti pale boti zinapopakiwa taa na nyavu. Serikali za kaunti zigharimie maboya ya kujiokolea, kwa sababu mvuvi anayeishi kwa mapato ya usiku mmoja hanunui boya kabla ya unga. Na wewe mvuvi, ukisikia Kisii imepigwa na radi mchana kutwa, usiende mbali usiku huo.