Kabla hujauza dawa ya taa za gari, mwambie mteja amwage maji

Wapambanaji wenzangu, leo naongea na nyie mnaouza vifaa vya usafi wa gari mtandaoni: shampuu, polishi, dawa za tairi, na hasa hizi tyubu za kung'arisha taa za mbele. Tyubu hiyo ndiyo iliyofanya niitwe tapeli mbele ya wateja wangu wote, kwa hiyo naijua vizuri.

Ilikuwa hivi. Nilichukua mzigo Kariakoo, nikaposti video ya taa iliyokuwa njano kama mchuzi wa binzari, inasuguliwa mpaka inakuwa nyeupe. Nikaandika "inarudi mpya moja kwa moja". Kaka mmoja anayebeba abiria usiku akanunua, 15,000. Siku hiyohiyo akanitumia picha, amefurahi kweli. Kama miezi mitatu baadaye akarudi kwenye posti ileile: "Taa zimekuwa mbaya kuliko mwanzo, usiku sioni barabara. Tapeli huyu, msinunue." Nilitaka kumjibu kwamba hakufuata maelekezo. Bahati nzuri kabla sijajibu nikaenda kumuuliza fundi wa rangi mtaani kwetu. Kumbe mwenye kosa ni mimi.

Iko hivi. Taa za magari mengi tunayoendesha sasa si kioo, ni plastiki ngumu. Kiwandani wanaipaka utando mwembamba juu yake wa kuzuia jua. Gari likikaa juani miaka, ule utando unachakaa, plastiki inapigwa na jua moja kwa moja, ndipo inakuwa njano na ukungu. Sasa ile dawa ya tyubu kazi yake ni kukwangua. Inatoa tabaka lililoharibika, na ule utando uliobaki nao unaondoka. Taa inang'aa, ndiyo, lakini imebaki uchi. Usipoipaka kinga mpya inafubaa tena, tena haraka kuliko mwanzo. Dawa ya meno mnayoiona kwenye video ni hadithi hiyohiyo: inakwangua kidogo, inapendeza kwa muda, kinga haina.

Kwa hiyo ukienda kuchukua mzigo, soma boksi. Tafuta seti yenye vitu viwili, dawa ya kusugulia na kinga ya mwisho ya kupaka. Mara nyingi kwenye kinga wameandika UV. Kama ni tyubu peke yake, iuze kwa bei ya chini na mwambie mteja ukweli kwamba ni ya muda. Taa iliyofubaa sana haitoki kwa tyubu hata asugue mpaka mkono ufe ganzi. Hiyo inataka msasa wa maji, unaanza na namba 1000, unakuja 2000, unamalizia 3000, ndipo polishi, ndipo kinga. Na abandike tepu ya karatasi kuzunguka taa, la sivyo msasa utakula rangi ya bodi na lawama itakuja kwako.

Sasa maji. Sisi tunauza kwa simu, gari hatulioni. Kabla mteja hajalipa, mwombe aoshe taa, kisha aimwagie maji safi huku anachukua video. Taa ikionekana safi wakati imelowa, halafu ikikauka ukungu ukarudi, tatizo liko nje, dawa itafanya kazi. Ikibaki na ukungu hata ikiwa imelowa, huenda maji yameingia ndani au plastiki imepasuka vinyufa, na hapo hakuna dawa ya kupaka juu itakayomsaidia. Mwambie aende kwa fundi. Utakosa hela ya siku hiyo, mimi nimeikosa mara nyingi tu, lakini baadhi ya hao niliowaambia "usinunue" wamerudi kununua vitu vingine.

Polishi ya mikwaruzo nayo ina kipimo chake, ni kucha. Apitishe kucha kwenye mkwaruzo taratibu. Kucha ikipita bila kukwama, polishi inaweza kuufuta au kuupunguza. Ikikwama, mkwaruzo umeingia ndani, hiyo ni kazi ya rangi. Usiandike "inafuta mikwaruzo yote", jamani.

Yule kaka nilimrudishia 15,000 yake, nikamwomba alete gari, tukazisugua upya kwa fundi na kupaka kinga, gharama zangu. Komenti yake hajaifuta mpaka leo na wala sijamwomba. Posti ya sasa nimeiandika hivi: "Inaondoa njano ya nje tu. Nitumie video ya taa ikiwa imelowa maji kabla ya kulipa. Kinga imo ndani ya boksi, usipoipaka taa itafubaa tena." Likes zimepungua kweli, ila kurudishiwa mzigo kumepungua zaidi.

Halafu wale mnaouza dawa ya kusafishia vioo: muulizeni mteja kama gari lina tinti. Dawa yenye amonia inaharibu tinti, na bei ya kuweka tinti upya si ya kufananisha na hiyo chupa yako.