Uzi wa Zeze Usiukaze Mno

Uko darasani, bwenini, au umekaa chini ya mti unasubiri kengele? Popote ulipo, nina swali moja. Je, umewahi kuacha kitu unachokipenda kwa sababu tu hukuwa wa kwanza?

Mimi nimewahi. Nikiwa kidato cha tatu niliimba kwaya ya shule. Nilitaka sana kuongoza wimbo wa mashindano. Nilifanya mazoezi asubuhi na jioni mpaka sauti ikakauka. Nafasi akapewa rafiki yangu. Siku ya mashindano alipokuwa anaimba, mimi moyoni nilikuwa naomba akosee. Hakukosea. Watu walipiga makofi, mimi nikaacha kwaya. Karibu mwaka mzima sikuimba hata bafuni.

Nimekumbuka habari hiyo hapa Babati. Tulikuwa kwenye klabu ya afya, Mlima Kwaraa unaonekana dirishani, mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Dada, hivi furaha inapatikana wapi?" Darasa zima likacheka. Mimi nilikosa jibu. Nimelitafuta, na sehemu yake nimeipata mbali kidogo.

Mpiga ala aliyechoka

Miaka karibu 2,500 iliyopita aliishi mwalimu aliyeitwa Siddhartha Gautama. Alizaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepal, akafundisha kaskazini mwa India. Wafuasi wake walimwita Buddha, maana yake aliyeamka.

Vitabu vya kale vya Wabuddha vina kisa cha mtawa aliyeitwa Sona. Kabla ya kuwa mtawa alikuwa hodari wa kupiga vina, ala ya nyuzi ya India. Sona alijitesa kwa mazoezi, akatembea huku na huko mpaka nyayo zikatoka damu. Lakini amani hakuipata, akawaza kuacha yote arudi nyumbani. Buddha akamuuliza: nyuzi za vina zikikazwa mno, sauti inatoka vizuri? Hapana. Zikilegea je? Hapana. Zikiwa katikati? Ndiyo, hapo inatoka. Basi, akamwambia, na bidii iko hivyo hivyo. Ikizidi inaleta vurugu moyoni, ikipungua inaleta uvivu.

Sisi hatuna vina, lakini shika barabara ya Dodoma ufike kwa Wagogo, utakutana na zeze. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilipeleka zeze hadi Ulaya. Mpiga zeze yeyote atakwambia jambo lile lile: ukikaza mno uzi unakatika, ukilegeza haulii.

Kiu isiyoisha

Buddha alifundisha kwamba mateso mengi ya moyo yanatokana na tanha, neno la lugha ya Kipali lenye maana ya kiu. Ni ile hali ya kung'ang'ania: lazima nipate, lazima nisipoteze, lazima nimpite fulani. Nikijitazama, mimi sikuwa na kiu ya wimbo. Wimbo nilikuwa nao. Nilikuwa na kiu ya kutajwa jina.

Dawa mojawapo aliyofundisha inaitwa mudita, yaani kufurahia mafanikio ya mwenzako. Hii si rahisi! Ila kwenye kwaya inaonekana wazi. Sauti ya nne wakiimba vizuri, sauti ya kwanza nayo inapendeza. Uzuri wa mwenzako haupunguzi wako.

Lakini tusidanganyane. Watawa wa Kibuddha wenyewe hukaa mbali na ngoma na nyimbo za burudani. Wanasema raha ya sikio inapita haraka, na mtu hubaki akiikimbilia. Hata hivyo waumini wa kawaida huimba na kucheza, na huko Sri Lanka ngoma hupigwa hekaluni. Kwa hiyo muziki wenyewe siyo furaha. Inategemea unaushika vipi.

Hatukwambii ubadili dini yako. Wabuddha ni wachache Tanzania, ingawa hekalu lao lipo Upanga, Dar es Salaam, na asili yake ni watu waliokuja kutoka Ceylon, sasa Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20. Hekima ni kama maji ya kisima, huulizi nani alikichimba.

Mwilini kunatokea nini?

Ukiimba kifungu kirefu, unatoa pumzi polepole. Ukitoa pumzi polepole, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili unatulia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, waliwapima vijana wa miaka 18 wakiimba pamoja. Waliona mapigo ya mioyo yao yanapanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wanavuta na kutoa pumzi pamoja. Umeona mambo!

Jaribu hivi

1. Kabla ya kusoma au mtihani, vuta pumzi, kisha toa taratibu huku unavumisha sauti, midomo imefungwa. Rudia mara 10.
2. Imba au piga ala dakika 15 bila kumwonyesha mtu. Mawazo yakienda mbali, yarudishe kwenye sauti bila kujilaumu.
3. Mwenzako akifanya vizuri, mwambie leo hii. Usingoje.
4. Ukichoka, legeza uzi kidogo. Kupumzika siyo kushindwa.

Angalia!

Muziki ni msaada, siyo tiba ya kila kitu. Kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usikae kimya. Mwambie mzazi, mwalimu unayemwamini, au nenda kituo cha afya. Unaweza pia kupiga simu 116, huduma ya simu kwa watoto, bila malipo.

Na mimi je? Kidato cha nne nilirudi kwaya. Kwanza nilimfuata yule rafiki yangu nikamweleza nilivyomwombea mabaya. Alicheka, akasema alikuwa anatetemeka siku ile, na alinitafuta kwa macho jukwaani. Nilisimama sauti ya pili mpaka tunamaliza shule. Sikuongoza wimbo hata mmoja, na nyimbo zile bado naziimba hadi leo.