Tezi Ndogo Chini ya Ubongo

Mtu akiumia vibaya kichwani, jamaa zake hungoja afumbue macho. Siku afumbuapo, twamshukuru Mungu na kudhani kwamba hatari imepita. Lakini yafaa tujue kwamba jeraha lingine laweza kukaa ndani, lisionekane kwa macho.

Chini ya ubongo kuna tezi moja, ukubwa wake kama haragwe dogo. Imelala katika kishimo cha mfupa, nayo yaning'inia kwenye ubongo kwa kikonyo chembamba. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, kikonyo hicho na mishipa yake ya damu yaweza kuumia. Tezi hiyo ni kama kapita: huziamuru tezi nyingine kutoa homoni, yaani wajumbe ambao mwili huwatuma kwa njia ya damu.

Mjumbe mmoja huitwa kortisoli, naye hutoka katika tezi zilizo juu ya mafigo. Mwili ukijeruhiwa, kortisoli huongezeka ili msukumo wa damu usishuke. Isipoongezeka, mgonjwa aweza kufa hata ikiwa jeraha la nje lilishonwa vema. Mgonjwa mwingine huona kiu isiyokatika na kukojoa mno. Ni alama kwamba amekosa homoni inayozuia maji mwilini.

Je, basi kila mgonjwa apewe dawa ya jamii ya kortisoli? Kwa miaka mingi waganga wengi walifanya hivyo. Ndipo utafiti mmoja ulioongozwa kutoka London ukawapima wagonjwa 10,008. Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 2004: katika majuma mawili walikufa watu 21 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo kwa wingi, na 18 katika kila 100 wasioipewa. Basi tiba njema hutanguliwa na kipimo, wala si kudhani tu.

Hata waliopona wahitaji kuangaliwa. Mwaka 2007 wataalamu walilinganisha tafiti nyingi, wakaona kwamba zaidi ya robo ya waliopimwa baada ya kuumia ubongo walikuwa na tezi iliyopungukiwa kazi. Mtu wa namna hiyo huchoka upesi, huona baridi, hupungukiwa nguvu za ndoa; mwanamke aweza kukosa siku zake. Ndipo majirani husema, "Huyu amekuwa mvivu," au, "Amelogwa."

Enyi wazazi, enyi waume na wake, tusiwasikilize. Tusimkaripie mgonjwa wetu, wala tusimpeleke kwa mfumu. Tumrudishe kwa daktari, tumweleze wazi kwamba aliumia kichwa, hata kama ni miezi mingi iliyopita, tuombe apimwe damu. Homoni nyingi zinazokosekana zaweza kurudishwa kwa vidonge au sindano. Naye aliyeandikiwa vidonge vya kortisoli asiviache ghafula bila shauri la daktari, maana kuviacha kwaweza kumwua.

Mungu amemrudisha mwenzetu nyumbani. Ni juu yetu kumsaidia apate kuishi.