Makofi Kabla ya Wakati

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Msomaji mpendwa, bila shaka wakumbuka siku wageni wanne walipokuja ukumbini na ala zao: fidla mbili, viola na selo. Walipiga, wakanyamaza. Sisi nasi tukashangilia kwa makofi na miluzi. Kumbe ilikuwa imekwisha sehemu moja tu kati ya nne! Waliokaa viti vya mbele waligeuka wakatutazama kama washamba. Niliona haya kwelikweli, nikaapa kuyajua maneno ya muziki huu. Nimegundua hayana ugumu wowote.

Tuanze na jina lenyewe. Waitaliano waliuita "da camera", yaani wa chumbani, ili kuutenga na ule wa kanisani. Ni muziki wa watu wachache, kila mmoja na sauti yake, wala hakuna wa kuwaongoza kwa fimbo. Wapigaji hutazamana na kusikilizana kama wazee barazani. Wakiwa watatu ni trio, wanne ni kwarteti, watano ni kwinteti.

Mbona Kiitaliano? Katika karne ya 17 muziki wa Italia ulienea Ulaya, na maneno yake yakaenda nao, kama vile udi na kanuni zilivyoingia katika tarabu na majina yake ya Kiarabu. Lakini kwa Mwitaliano hayo ni maneno ya kila siku, ati!

Ya mwendo ni haya: "adagio" ni polepole, "andante" ni mwendo wa mtu anayetembea, "allegro" maana yake ni changamfu, kwa hivyo mwendo ni wa kasi, "presto" ni mbio. Ya nguvu za sauti: "piano" ni kwa sauti ya chini, "forte" ni kwa nguvu. "Pizzicato" ni kudonoa nyuzi kwa kidole badala ya kuzisugua kwa upinde. "Opus" ni Kilatini, maana yake kazi. Huandikwa na nambari ili kutambulisha tungo za mtunzi.

Kwarteti kwa kawaida huwa na sehemu nne, kila moja na mwendo wake. Katikati wapigaji hutua kidogo, na desturi ya siku hizi ni kungoja mpaka ya nne iishe. Hapo ndipo tuliponaswa.

Lakini tusijilaumu sana. Neno "scherzo" maana yake ni mzaha. Mwaka 1781 Joseph Haydn, mtunzi wa Austria, alitunga kwarteti sita, Opus 33, na ya pili imepewa jina la Mzaha. Mwishoni wapigaji hucheza kipande, wakanyamaza. Wakacheza kingine, wakanyamaza tena. Msikilizaji adhani imekwisha, kumbe bado! Halafu baada ya kimya kirefu, huishia kwa kile kipande kilichoanzia. Basi hata mabwana wa Ulaya walitegwa wapige makofi mapema, na aliyewatega ni mtunzi mwenyewe.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wageni wakija tena, hesabu sehemu nne. Na jirani yako akipiga makofi mapema, usimcheke. Mnong'oneze tu, "Bado tatu."