Keja Pangani: Itisha Taito Yako Kwanza

Ukishuka Pangani siku hizi, shingo lazima iinuke. Penye kulikuwanga na mtaa wa kanjo, keja 48 peke yake, kumepangwa keja 1,562 kwa gorofa refu zinaonekana hadi Thika Road. Wazae wa zile 48 waliahidiwa ndio watakuwa mbele kwa laini ya kupewa. Hiyo ahadi naishikilia sana, juu hao ndio wamelea huo mtaa.

Mi nataka mayuthi pia wanunue hapo. Tao ni karibu, unafika kwa mguu. Kukinyesha jioni na makanga wapandishe fare mara mbili, wewe unakanyaga tu lami hadi mlangoni. Islii iko hapo nyuma ukisikia njaa ya anjera, Ngara nayo unateremka kuchagua mitumba Saturday asubuhi. Zile keja za bei nafuu zilitangazwa ya chumba moja ikiwa mita moja, ya vyumba tatu mita tatu. Mita moja si pesa ya kuokota, najua. Lakini msee amelipia bedsita renti miaka na miaka, hana hata msumari anaweza ita wake.

Sasa sikiza hii juu ya karatasi, juu Pangani ishawahi umia hapo. Kabla ya kanjo kujenga, kulikuwa na kijiji cha Waswahili na watu wa kila kabila, na keja mob zilikuwa za wamathe. Walijijengea na doo zao, wakapangisha vyumba, wakalea watoto. Ardhi haikuwa yao kisheria. 1938 na 1939 serikali ya mkoloni ikabomoa kijiji chote, wengi wakasukumwa Shauri Moyo. Hao wamathe walikuwa na ukuta, wakakosa haki ya mchanga chini yake.

Ndio maana Sheria ya Sectional Properties ya 2020 inafaa ikae kichwani mwako kabla ya rangi ya tailsi. Kitambo keja mob za gorofa ulikuwa unapewa lisi tu, taito mama inabaki kwa kampuni ya kusimamia jengo. Kwa hii sheria, kila keja inatoa taito yake, hata kama iko gorofa ya kumi. Na kila mwenye keja ni memba wa koporesheni ya jengo, na ako na share yake kwa vitu za wote: ngazi, lifti, paa, paking.

Hiyo koporesheni ndio jengo lenyewe. Lifti ikikwama, pampu ya maji ikichomeka, taka ikirundikana, hakuna lando wa kupigia simu. Ni nyinyi. Kila mwezi kuna doo ya kuchanga, na wasee wakianza kuhepa, mathe wa gorofa ya juu ndio atabeba mtungi na ngazi.

Kwa hivyo kabla utoe dipo, uliza kama plani ya sectional imesajiliwa. Uliza mchango wa kila mwezi ni ngapi, na kama kuna akiba ya lifti ikizeeka. Peleka mkataba kwa wakili wako, si yule wa muuzaji. Ukishaingia, mkutano ukiitwa Sunday saa nane, acha mechi, keti mbele, uitishe vitabu vya pesa.