Kitambaa cha unahodha kianze moyoni

KAMA umewahi kupanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya, basi Kilolo umeipita hata kama ulikuwa umesinzia. Ni pale Ruaha Mbuyuni penye vitunguu. Ni mlima Kitonga, ambao malori huupanda taratibu kwa gia ndogo. Ni Ilula, ambako matenga ya nyanya hupangwa pembeni ya lami.

Jioni, kazi za shamba zikiisha, huko kuna mpira. Kiwanja kimeinama upande mmoja, wengine wanaazimana viatu, lakini gozi linapigwa kweli kweli. Hakosekani dogo mmoja anayechukua mpira pembeni, anawapita mabeki wawili, anatia krosi, na watu waliosimama kwenye mstari wanaitoa ile kauli yao: huyu angekuwa Dar angeshasajiliwa zamani.

Kauli hiyo imezoeleka mno. Madogo wa aina hiyo wamekuwepo miaka yote, kwenye ligi za kata, kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, kwenye mabonanza ya sikukuu. Wengi wao leo ni watazamaji. Swali lisiloulizwa sana ni hili: dogo huyo anafanya nini kuanzia filimbi ya mwisho mpaka mechi inayofuata?

Mechi moja ni dakika 90. Wiki nzima ina dakika 10,080. Kocha wa mtaani, ambaye naye ana shamba au duka lake, anamuona mchezaji kwa saa chache tu. Muda mwingine wote mchezaji yuko chini ya kocha mmoja ambaye hana leseni wala mshahara: yeye mwenyewe.

Ndiyo maana mashabiki wa Bongo wana neno moja wanalompa mchezaji kama sifa kubwa. Wanasema anajitambua.

KITONGA HAIPANDWI KWA PUPA

Dereva mzoefu wa lori anaipanga gia kabla mlima haujamkabili. Akisubiri mpaka gari lianze kushindwa katikati ya kona, ameshachelewa. Mchezaji naye ni hivyo hivyo. Nidhamu haitafutwi siku ya majaribio, inapangwa mapema.

Na Kilolo ina majaribu yake. Bei ya nyanya ikipanda, kijana wa miaka 19 anajikuta ana hela mfukoni ambayo hajawahi kuishika. Mvua zikichanganya, ulanzi unakuwa mwingi na wa bei chee. Juni na Julai, baridi ya Dabaga asubuhi inamfanya mtu alione blanketi kuwa rafiki wa kweli. Juu ya hayo kuna mikeka ya kubeti, ambayo inakula hela ya viatu kabla viatu havijanunuliwa.

Hakuna mwamuzi atakayetoa kadi nyekundu kwa mambo hayo. Hakuna atakayejua kwamba jana dogo alilala saa nane usiku. Lakini dakika ya 70, miguu inapogoma, mwili unamsema mbele ya watu wote.

LIPULI WALIONYESHA NJIA

Anayedhani Iringa ni mkoa wa kushangilia timu za wengine, aikumbuke Lipuli, Wanapaluhengo. Mwaka 2019, chini ya kocha Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, Lipuli iliifunga Yanga mabao 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, pale pale Uwanja wa Samora.

Timu hiyo haikuwa na majina yanayouza jezi nchi nzima. Ilikuwa na wachezaji waliokubali kukimbia bila mpira na kumsaidia mwenzao anapopitwa, na walibaki kwenye nafasi zao hata jukwaa lilipokuwa likipiga kelele waende mbele. Hizo ni kazi za mtu anayejiongoza, kwa sababu hakuna anayemshangilia beki aliyekaa mahali sahihi.

Juni 1, 2019, kwenye fainali iliyochezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi, Azam FC iliwafunga bao 1-0, mfungaji akiwa Obrey Chirwa. Msimu uliofuata, 2019/20, Lipuli ikashuka daraja.

Sababu za timu kushuka huwa nyingi, na kwa klabu za mikoani fedha ni kubwa kuliko zote. Lakini kwa kijana wa Kilolo kuna somo hapo. Kufika fainali ni kazi ngumu. Kuamka kesho yake ukaanza tena kama vile hujawahi kufika popote ni kazi ngumu zaidi.

Majirani zao wa Mbeya wanalijua hilo. Mbeya City ilipanda Ligi Kuu 2013, na msimu wake wa kwanza, ikiwa na kocha Juma Mwambusi, ikamaliza nafasi ya tatu. Miaka kumi baadaye, 2023, ikashuka. Ikala vumbi la Ligi ya Championship, kisha ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Wasifu wa timu haukuishia pale iliposhuka.

SAMATTA NA MIAKA MITANO YA LUBUMBASHI

Wengi wanamkumbuka Mbwana Samatta kwa picha mbili. Ya kwanza ni Novemba 5, 2019, akiifunga Liverpool kwa kichwa pale Anfield akiwa na Genk ya Ubelgiji. Ya pili ni Machi 1, 2020, akiifunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, akiwa na Aston Villa.

Picha hizo ni nzuri, lakini zinaficha safari. Kijana huyo wa Mbagala alitoka African Lyon kwenda Simba, na 2011 akachukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Alikaa huko karibu miaka mitano. Hakurudi nyumbani kwa kuukumbuka ubwabwa, wala hakulazimisha kwenda Ulaya kabla ya wakati. Mwaka 2015 Mazembe ikatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari 2016 akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara hili.

Genk nako hakukuwa na mteremko. Mwishoni mwa 2017 aliumia goti akakaa nje. Msimu uliofuata, 2018/19, alifunga mabao 23 ya ligi na Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji.

Hata baada ya England mambo hayakunyooka. Alipelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki, akapita Antwerp, akarudi Genk, kisha akaenda PAOK ya Ugiriki na kubeba ubingwa wa nchi hiyo 2024. Mwingine angeona kutoka Ligi Kuu ya England ni mwisho wa dunia. Yeye aliendelea kucheza.

KAZI YA NYUMBANI

Kujiongoza si maneno ya semina. Kwa mchezaji wa mchangani ni vitu vidogo anavyoweza kuvianza kesho.

Baada ya mechi, kabla ya kumlaumu mwamuzi, ajiulize mwenyewe: nimepoteza mpira mara ngapi, na kwa nini? Aandike kwenye daftari la shule lililobaki kurasa. Wiki tatu zikipita, kosa linalojirudia litaonekana lenyewe.

Mguu wa kushoto ukiwa mzito, ukuta wa nyumba unatosha kuwa kocha. Apige pasi mia kila jioni, bila kamera na bila mashabiki. Hela ya nyanya ikiingia, viatu vinunuliwe kwanza, starehe ifuate kama imebaki. Akiwekwa benchi, amuulize kocha kwa heshima aongeze nini, badala ya kununa na kuhamia timu ya kijiji cha pili.

Na kwa mabinti ambao bado wanasikia kwamba mpira ni wa wanaume, kuna sifa moja ya ziada: kuthubutu kwenda mazoezini huku wengine wanacheka.

Hayo yote hayawapi viongozi ruhusa ya kukaa pembeni. Kijana anaweza kujitambua mpaka mwisho, lakini bila kiwanja kinachochezeka, kocha aliyesomea na ligi ya wilaya yenye ratiba ya kueleweka, atakwama. Vipaji vingi vya vijijini vimepotea kwa sababu hakuna aliyekwenda kuvitazama. Nidhamu ya mchezaji haiwezi kuwa kisingizio cha uzembe wa watu wazima.

Tofauti ni kwamba uwanja kijana hawezi kuujenga peke yake, ila tabia anaweza. Siku skauti akisimama Ilula kununua nyanya, akasikia kelele za mpira na kusogea kutazama, atakuwa na dakika 20 tu kabla basi halijaondoka. Kitakachoonekana katika dakika hizo ni kile dogo alichokuwa akikifanya miaka yote ambayo hakuna mtu aliyekuwa akimtazama.