Kontra Imelala, Haikufa

Pengine hali hii imefika kwako, ao kwa jirani yako. Mufanyakazi amegonjwa miezi miwili, mitatu. Munganga wa kampani anasema: "Umepona, rudia kazini." Lakini yeye mwenyewe, akipanda ngazi tu, pumzi inakatika. Kampani inakata malipo ya ugonjwa. Mufanyakazi anakataa uamuzi huo na kupeleka mashitaki. Sasa jamaa nzima inangojea. Je, wakati huu wa kungojea, haki yake iko wapi?

Wengi wanajibu: "Tunangojea tu, wakubwa wataamua." Hapo ndipo haki inapopotea.

Ni haki, si zawadi

Katika miji yetu ya migodi, tangu Union Minière mpaka Gécamines, tulizoea kuona posho, hospitali na shule vinatoka kwa kampani. Kwa hiyo wengi wanafikiri pesa ya ugonjwa ni zawadi ya patron. Sivyo! Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba ugonjwa ao ajali vinasimamisha kontra. Kontra imelala, haikufa. Muda wote inapolala, mufanyakazi anastahili theluthi mbili za mushahara wake. Aliyezoea kupata franka 300.000, apate 200.000. Na matibabu yake pamoja na ya jamaa yake yanaendelea.

Ugonjwa umetoka wapi?

Ulizo hili ni kubwa. Ugonjwa wa kawaida unalipwa na patron, kwa sababu CNSS (tulizoea kuiita INSS) haina mfuko wa ugonjwa wa kawaida. Lakini ajali ya kazi, ao ugonjwa unaoletwa na kazi, kama vile vumbi ya mawe inayoharibu mapafu, hiyo ni mambo ya CNSS. Patron akikosa kutangaza ajali kule, mugonjwa mwenyewe ao jamaa yake anaweza kuitangaza.

Tena kuna hatari hii: kwa ugonjwa wa kawaida, kisha miezi 6 mufululizo, patron anaweza kuvunja kontra, akilipa indamnite. Kwa ajali ya kazi na ugonjwa wa kazi, hawezi kutumia sababu hiyo ya miezi 6. Basi usingoje mwezi wa sita. Mapema, omba munganga aandike waziwazi ugonjwa umetoka wapi.

Unapongojea, fanya hivi

1. Sertifika isikatike. Kama moja inaisha tarehe 15, nyingine ianze tarehe 16. Siku zisizo na karatasi zitaitwa utoro, na mutoro anafukuzwa.

2. Usibaki nyumbani kimya. Kama munganga wa kampani amesema umepona na munganga mwingine amesema hapana, peleka sertifika hiyo pamoja na barua. Eleza kwamba hukatai kazi, ila mwili hauwezi, na omba upimwe tena.

3. Dai malipo yako kila mwezi, kwa barua. Bakia na kopi yenye stampu na tarehe ya siku walipoipokea. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

4. Anza kwa inspekta wa kazi. Tribinali ya kazi haipokei neno lako kama halijapita kwake kwanza. Yeye anajaribu kuwapatanisha. Musiposikilizana, anaandika karatasi ya kutosikilizana, na kwa karatasi hiyo unaingia tribinali. Delege wa sendika anaweza kukuonyesha njia. Lakini usikawie: madai ya mushahara yanazeeka kisha mwaka 1.

5. Soma mbele ya kutia sahihi. Karatasi inayoandikwa "pour solde de tout compte" maana yake ni kwamba umelipwa yote. Sheria inasema maneno hayo hayamuzuie mufanyakazi kudai haki yake. Hata hivyo, yameogopesha wengi wakanyamaza.

Na njaa je?

Tuseme ukweli: sheria inaweza kusema ulipwe, na pesa ikakawia. Ukishinda, utadai malipo ya miezi yote iliyopita, lakini mutoto hali malipo ya kesho. Hapo jaribu linakuja: mugonjwa anachukua nyundo na kufuata wachimbaji kwenye shimo. Ndugu yangu, usifanye hivyo! Kwanza mapafu yatakwisha kabisa. Pili, siku utakapoonekana unabeba mifuko ya mawe, nani ataamini kwamba huwezi kazi? Wazima ndani ya nyumba ndio watafute: mama na biashara yake ndogo, mutoto mukubwa, ndugu. Mwenye duka na mwenye nyumba waambiwe mambo namna yalivyo, mbele deni halijapanda.

Na wewe mama, mara nyingi ni wewe unayetunza vitu vya nyumba. Kontra, buleti za mushahara, sertifika, kopi za barua: weka zote katika mufuko mmoja wa plastiki, mbali na mvua na panya. Kama kontra haikuandikwa, usikate tamaa: buleti na washahidi vinaweza kuonyesha kwamba bwana wako alifanya kazi pale.

Uamuzi unaweza kuwa muzuri ao mubaya, hatuwezi kuahidi. Lakini mwamuzi atauliza: "Karatasi iko wapi?" Siku hiyo, fungua mufuko na umupe.